Kesi yangu ya kunyanyaswa kingono kazini imeisha kwa makubaliano. Kiasi sitaji, mengine ulizeni

Chapati Maji

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Wiki iliyopita nilisaini. Nakala yangu iko kabatini chini ya mashuka, kurasa sita, kila ukurasa una saini tatu pembeni: yangu, ya wakili wao, na ya mtu wa kampuni ambaye sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Yule mwenyewe hakuja. Shauri zima hakukanyaga, kila siku alikuwa "safarini".

Kabla hamjaanza: kampuni sitaitaja, mtu sitamtaja, kiasi sitakitaja. Nimejifunga kwa mkono wangu. Hata mkoa acheni. Ukija inboksi kuuliza, nitakuhesabu kuwa ni yule wakili wao kafungua akaunti mpya.

Naandika kwa sababu nilipokuwa namtafuta mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile anieleze kunakuwaje, sikumpata. Nilikuta mabango ya semina, vifungu vya sheria, na watu wanaouliza "kwani ulivaaje". Waliomaliza kesi zao kwa makubaliano hawasemi. Sasa najua kwa nini hawasemi.

Nianze na kilichonikosesha usingizi. Mimi nilijiuzulu. Sikufukuzwa. Meseji zilikuwa zinaingia saa tano usiku, saa sita, "umelala?", "nataka kukuona kuhusu mkataba wako", na mkataba kweli ulikuwa unakaribia kuisha. Niliandika malalamiko kwa HR, nikaambiwa "tutalifanyia kazi". Mwezi ukapita. Nikaandika barua ya mistari mitatu, nikaacha kitambulisho mapokezi, nikapanda daladala nikalia mpaka mwisho wa gari.

Nyumbani kila mtu akaniambia nimejimaliza, aliyeacha kazi mwenyewe hana kesi. Si kweli. Huku Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, kanuni ya 7, zinasema mwajiri akiifanya kazi isivumilike, kujiuzulu kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa umeachishwa. Na mfano wanaoutaja pale ni huu huu: unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kukukinga nao. Hayo maneno ya mwisho yashikeni. Mwajiri hatakiwi awe ndiye aliyekushika. Inatosha alijua akakaa kimya. Ile barua yangu kwa HR, ambayo niliiona ya kijinga, ndiyo iliyobeba shauri lote.

Halafu siku. Shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Madai mengine, yakiwemo ya ubaguzi ukiwa bado kazini, siku 60. Fomu inaitwa CMA F1. Mimi niliipeleka siku ya 28, tena kwa bahati, jirani alikuwa na mtoto anasoma sheria. Ukichelewa unaanza kuomba kwanza usamehewe kuchelewa, na hapo mwenzio keshapata sababu ya kuongea miezi mitatu bila kugusa habari yenyewe.

Baada ya fomu kuna usuluhishi. Msuluhishi ana siku 30 za kuwapatanisha, na mkitaka mnaongeza. Si hakimu. Hasemi nani mkweli. Anakaa nanyi pamoja, kisha anamtoa mmoja nje, kisha anamtoa mwingine. Nilivyokaa koridoni nilihesabu vigae, kulikuwa na kimoja kimepasuka kama ramani ya Afrika. Ukiwa nje unawaza: wananicheka humo ndani.

Ofa yao ya kwanza sitoi siri nikiisema, maana haikuwa ofa. Mshahara wa siku nilizofanya, likizo ambayo sikuchukua, na cheti cha utumishi. Vyote ni haki yangu hata kama ningeiba. Waliniletea nguo zangu mwenyewe wameziita zawadi. Mwakilishi wangu (ruksa kwenda na wakili, mtu wa chama cha wafanyakazi, au mtu mwingine uliyemchagua mwenyewe) akaniambia kwa sauti ya chini, "Hizo weka pembeni. Mazungumzo hayajaanza."

Na pesa haikuwa sehemu ngumu. Pesa iliisha kwa vikao viwili. Kilichochukua muda ni aya moja ya ukurasa wa nne.

Rasimu yao ilisema mdai "hatazungumza na mtu yeyote, kwa njia yoyote, wakati wowote" kuhusu madai, mwenendo wa shauri na makubaliano. Nikauliza, mama yangu je? Wakili wao, kijana mstaarabu kabisa, akasema, "Mtu yeyote ni mtu yeyote, dada." Nikanyamaza. Mama ndiye aliyekuwa ananipikia uji wiki zile ambazo siinuki kitandani. Nikamwambia basi sisaini.

Tukaikata vipande. Nikatoa mama na dada yangu. Nikatoa daktari na mshauri nasaha. Nikatoa wakili na TRA. Nikatoa polisi, TAKUKURU, na mahakama yoyote itakayoniita. Nikaongeza na wao wafungwe: mwajiri mpya akipiga simu kuniulizia, wanataja cheo changu na tarehe za kuanza na kuacha, basi. Na ile adhabu waliyoiandika, kwamba nikiteleza narudisha pesa yote "mara moja", ikabadilishwa kuwa mpaka ithibitishwe mbele ya chombo chenye mamlaka. La sivyo wangekuwa wao ndio walalamikaji, wao ndio mahakimu.

Kitu kimoja sikukipata. Nitakisema baadaye.

---

Konda Msomi

Uzi mzuri ila sikuelewi. Mtu kakunyanyasa, una meseji, una barua, halafu unachukua mzigo unamwacha fisi buchani? Si ungeenda mpaka hukumu itoke, jina liandikwe? Mnauza utu halafu mnakuja kutufundisha.

Na kiasi taja tu, hatukujui.

---

Chapati Maji

Konda, umeniuliza nilichojiuliza mwenyewe, kwa hiyo sikasiriki.

Nilihesabu. Usuluhishi ukishindikana unaenda kwa mwamuzi wa CMA, kisha Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kwa anayetaka uamuzi wake (wanauita tuzo) upitiwe, kisha Rufani. Ningesimama nisomewe meseji zangu kwa sauti na mtu anayelipwa kuthibitisha kwamba nilicheka. Kweli nilijibu na kikaragosi cha kucheka mara mbili. Wewe bosi wako akikuandikia utani saa sita usiku na mkataba wako uko mezani kwake, utajibu nini? Ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Nilichagua.

Kiasi sitaji. Ukitaka namba, nakupa ya mwenzangu ambayo dunia nzima inaijua.

Gretchen Carlson alikuwa mtangazaji wa Fox News kule Marekani, Miss America wa 1989. Mkataba wake ulipoisha Juni 2016 haukuongezwa. Tarehe 6 Julai akafungua kesi New Jersey. Angalia alichofanya: hakuishtaki kampuni. Alimshtaki Roger Ailes, mwenyekiti wa Fox News, yeye kama yeye. Kwa nini? Mkataba wake wa kazi ulikuwa na kifungu kwamba mgogoro wowote na kampuni unaamuliwa faragha na mwamuzi, siyo mahakamani. Kampuni ilijikinga kwa kifungu, Carlson na mawakili wake wakapita kwa mtu. Mawakili wa Ailes wakahangaika kuirudisha kesi kwenye faragha, na kabla jambo hilo halijaamuliwa, mambo yakawa yameshaharibika: wanawake wengine wakajitokeza, na yeye Carlson, kwa mujibu wa habari za wakati ule, alikuwa amerekodi mazungumzo kwenye simu yake zaidi ya mwaka.

Tarehe 21 Julai Ailes akang'oka. Siku 15. Tarehe 6 Septemba, miezi miwili kamili tangu afungue, kampuni mama ikatangaza makubaliano. Dola milioni 20, na tamko la hadharani la kuomba radhi kwamba hakutendewa kwa heshima na utu aliostahili.

Ailes alikanusha kila kitu mpaka alipofariki Mei 2017. Na aliondoka, kama vyombo vya habari vilivyoripoti, na kama dola milioni 40. Mara mbili ya aliyelalamika. Konda, nilipoisoma hiyo nilifunga simu nikaenda kufua.

Sasa sikia kilichonigusa. Carlson naye alisaini kunyamaza. Mwaka 2019 ikatoka filamu kubwa ya kisa chake na hakuweza kushiriki, watu wengine wakasimulia maisha yake yeye akiwa kiti cha mtazamaji. Mwanamke ana milioni 20 na radhi ya maandishi, na hana hadithi yake. Akaenda kupigania sheria. Machi 2022 Marekani wakapitisha kwamba mwajiri hawezi kukulazimisha kwenda kwa mwamuzi wa faragha kwa madai ya kingono. Desemba mwaka huo huo ikapita nyingine, ile mikataba ya kunyamaza unayosainishwa siku ya kuanza kazi, kabla hakujatokea lolote, haikubani kwenye madai haya. Lakini kunyamaza unakosaini wakati wa kumaliza kesi, kama wake na wangu, sheria hiyo haikukugusa. Yeye mwenyewe haikumfungua.

---

Ohio Baridi

Dada nakuunga mkono ila hiyo namba ya milioni 20 itawapoteza watu. Huyo alikuwa nyota wa televisheni na aliyeshtakiwa alikuwa mzee wa chombo kikubwa kuelekea uchaguzi. Huku tunakobeba maboksi mambo ni mengine.

Mimi niko huku mwaka wa tisa, na nimemsindikiza shemeji yangu kwenye EEOC, tume ya shirikisho ya mambo haya. Kwanza kampuni iwe na wafanyakazi 15 au zaidi. Pili una siku 180 kulalamika, majimbo mengi ikiwemo hili ni 300. Tatu, fidia ya maumivu na ya kumwadhibu mwajiri chini ya sheria ya shirikisho ina dari tangu 1991: kampuni ndogo mwisho dola 50,000, na iliyozidi wafanyakazi 500 mwisho 300,000. Mshahara uliopotea unahesabiwa nje ya dari. Majimbo mengine yana sheria zao zenye mkono mrefu zaidi, ndiyo maana mawakili huchagua wafungue wapi.

Wakili huku mara nyingi hachukui kitu mwanzoni, anachukua theluthi ya kitakachopatikana, wengine asilimia 40. Kisha kodi. Shemeji aliposikia namba ya kwanza alianza kutafuta kiwanja Kibaha. Ilipofika mkononi ikawa gari la mitumba na kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Ukitaka mfano unaofanana na watu wa kawaida, soma Mitsubishi, kiwanda cha magari cha Normal, Illinois. EEOC iliwashtaki 1996 kwa niaba ya mamia ya wanawake wa pale kiwandani, 1998 wakamaliza kwa dola milioni 34. Gawanya kwa mamia uone.

---

Mzee wa Faili

Nimekaa ofisi ya rasilimali watu miaka 22, nimestaafu. Sijawahi kuandika jambo hili popote.

Nimetengeneza hati mbili za namna hii kwa mkono wangu. Nawaambia namna upande wa pili unavyofikiri, labda itamsaidia mtu.

Mlalamikaji akifungua shauri, kikao cha kwanza cha wakubwa hakijadili kama ni kweli. Nitawapa maswali yenyewe, kwa mpangilio wake: Ana maandishi? Alilalamika kwetu kabla? Tulijibu? Nani mwingine anaweza kuongea? Likipatikana jibu la "ndiyo, alilalamika, hatukujibu", mwanasheria anaweka kalamu chini, anasema tumalize. Maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 kinasema unyanyasaji wa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi, na mlalamikaji akishaonyesha kwa mwanzo kwamba lipo, mzigo wa kujitetea unahamia kwa mwajiri. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi. Mngejua ni wangapi wameusajili.

Kisha inahesabiwa: ada ya wakili kwa miaka miwili, muda wa mashahidi, jina gazetini. Jumla hiyo ndiyo dari ya ofa. Dada aliyekaa koridoni akihesabu vigae, thamani ya alichotendewa haimo kwenye hesabu hiyo. Nasikitika kusema, lakini haikuwahi kuwemo.

Hati ya kwanza niliyoandika, yule bwana tulimhamisha tawi. Barua ya uhamisho niliandika mimi, "kwa manufaa ya kampuni", na posho ya usumbufu nikamhesabia mimi. Hati ya pili nilikuja kuiandika baada ya miaka mitatu. Bwana yule yule. Tawi lile nililompeleka.

Binti wa pili alipoingia ofisini kwangu aliniamkia shikamoo. Nilishindwa kuitikia.

---

Konda Msomi

Mzee hapo umenikata maini. Nafuta neno langu la kuuza utu.

---

Chapati Maji

Mzee wa Faili, shikamoo.

Kile kitu ambacho nilisema sikukipata ni hicho hicho. Niliomba iandikwe kwamba yule mtu hatasimamia tena wanawake walio kwenye mikataba ya muda. Wakakataa, wakasema mambo ya ndani ya kampuni hayawezi kuwa sharti la mtu aliyeondoka. Wakaniongezea pesa. Ndiyo, mmesoma sawa. Niliomba hiki, nikapewa kile, nikakipokea. Ile nyongeza nimeitenga, sijaigusa, sijui naitunzia nini.

Kuna binti aliyekuja kukaa kwenye meza yangu. Najua jina lake. Kwa mujibu wa ukurasa wa nne siwezi kumwambia kitu.

---

Mtoto wa Likoni

Pole sana dada. Huku Kenya niongeze mawili matatu kwa ndugu wa upande huu wanaosoma. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 6 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu awe na sera ya maandishi dhidi ya dhuluma za kingono. Ukienda korti ya ajira, swali la kwanza la wakili wako liwe hilo: sera iko wapi? Wengi hukurupuka kuichapisha ile wiki ya kushtakiwa, tarehe huwaumbua. Muda wetu ni mrefu kuliko wenu, miaka 3. Na kuna jinai kando, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kifungu cha 23, mwenye mamlaka anayekuandama: kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Swali langu: hiyo hati yako inazuia polisi?

---

Chapati Maji

Likoni, swali zuri, na ndipo walipotaka kunipitisha. Rasimu ilisema mdai "ataondoa na hatafungua malalamiko yoyote katika chombo chochote". Mwakilishi wangu alipiga mstari palepale. Madai ya kazi ni yangu, naweza kuyamaliza. Jinai ni ya Jamhuri, mimi ni shahidi tu, siwezi kuiuza. Huku kwetu kuna Kanuni ya Adhabu 138D, unyanyasaji wa kingono, kifungo mpaka miaka 5. Na kama mwenye mamlaka alikutaka kingono ili akupe ajira, cheo au haki yako, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU ya 2007, faini mpaka milioni 5 au kifungo mpaka miaka 3 au vyote. Ukiona hati inakuambia usiende huko, usisaini aya hiyo.

Sijaenda huko bado. Msiniulize kama nitaenda.

---

Sipendi Kelele

Samahani kuingilia. Mimi huwa nasoma tu. Niliacha kazi tarehe 2 mwezi huu kwa sababu inayofanana na yako. Leo ni tarehe 26. Nilijua nina siku 60. Meseji ninazo ila simu imepasuka kioo, nilitaka kuiuza Kariakoo jumamosi. Nifanyeje? Sina wakili.

---

Mzee wa Faili

Binti, simu usiuze! Hata kioo kikiwa unga. Picha za skrini peke yake watakwambia umetengeneza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini utaulizwa umetokaje, umetunzwaje, umeguswa na nani. Simu yenyewe ndiyo jibu. Usifute hata meseji zinazokuaibisha, pengo ndilo linalotia shaka. Usibadilishe laini wala kusasisha WhatsApp kwa kuifuta na kuiweka upya.

---

Chapati Maji

Mdogo wangu, umejiuzulu, maana yake unadai uliachishwa kwa kulazimishwa. Siku ni 30. Zimebaki chache mno. Wakili utamtafuta baadaye, fomu haisubiri wakili. Kesho asubuhi nenda ofisi ya CMA ya eneo ulilofanyia kazi, omba CMA F1. Hawatozi. Pale wanapouliza aina ya mgogoro andika kuachishwa kazi, na kwenye maelezo andika wazi kwamba ulilazimika kujiuzulu kwa kunyanyaswa kingono na mwajiri alijulishwa. Kama ulilalamika kwa maandishi, ambatanisha. Kama ulilalamika kwa mdomo, andika tarehe na uliyemwambia. Tarehe ya kuacha iandike sahihi, usiivute mbele hata siku moja.

Na wakikupigia simu leo usiku kutaka "kuongea kifamilia", pokea, sikiliza, usikubali kitu. Mimi walinipigia kupitia kwa mchungaji wangu.

---

Ohio Baridi

Kupitia kwa mchungaji! Hawa watu hawana haya.

Nyongeza kwa atakayefika mezani: uliza kiasi ni kabla au baada ya kodi, na kiandikwe. Na tarehe ya malipo iandikwe. Usiondoe shauri kwa ahadi.

---

Chapati Maji

Ohio kweli kabisa, hilo nililisahau. Huku malipo ya kuachishwa kazi yanahesabiwa kama mapato ya ajira, TRA wana fungu lao, kwa hiyo namba inayotajwa mezani siyo inayoingia benki. Mimi ilibidi tufungue tena hati iliyokuwa imeshachapwa kwa sababu ya maneno mawili tu, "baada ya kodi". Na hati isainiwe mbele ya msuluhishi, ibaki kwenye jalada la Tume. Hapo wasipolipa inakazwa kama hukumu. Ukisainia hotelini mbele ya soda, una karatasi tu.

---

Konda Msomi

Sipendi Kelele umefika wapi? Sisi wengine tumeweka kambi humu.

---

Sipendi Kelele

Nimetoka sasa hivi. Imegongwa muhuri, tarehe 27. Karani alikuwa mama mmoja, alisoma maelezo yangu mpaka mwisho kisha akanitafutia kiti bila kusema kitu.

Wamenipa nakala niipeleke kwa mwajiri. Niko hapa getini. Mlinzi amekataa kupokea, anasema mpaka HR aruhusu, na HR hapokei simu.

---

Mzee wa Faili

Huo mchezo naujua, niliwafundisha mimi. Usigombane na mlinzi, ana watoto. Andika nyuma ya nakala yako jina lake, saa, na maneno aliyosema. Kisha nenda posta ukatume kwa rejista, anwani iliyo kwenye mkataba wako wa kazi. Risiti usiikunje, inafutika.

---

Sipendi Kelele

Sawa baba. Posta wanafunga saa ngapi?